Treni Iliyosimama Ukurasa wa Tatu

Jumanne saa tano asubuhi, Verlin Stamper aliinjika maharagwe, akaketi kwenye meza ya jikoni, akaandika: "Tukafika kivuko cha reli, treni ikawa imesimama." Hapo hamu ikamwisha. Haikupungua, iliisha, kama maji ya bomba yaliyofungwa huko juu na watu wasiojulikana. Akafunika kalamu.

Alipoinua kichwa, treni ilikuwa imesimama katikati ya jikoni kwake, mabehewa ya makaa ya mawe, kutoka ukuta wa friji mpaka dirishani. Maharagwe yalibaki ng'ambo.

Alifanya anavyofanya kila mtu wa mji ule, maana treni ya kampuni ya makaa husimama inapotaka na mji una barabara moja. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akashika ngazi ya chuma, akavuka juu ya kiungo cha mabehewa mawili, akashuka. Akakoroga sufuria.

Kando ya jiko iliegeshwa ambulensi, milango ya nyuma wazi. Mkewe Oneida alikuwa amelala kwenye machela na sweta lake la buluu lenye kifungo kimoja pungufu, barakoa ya hewa kaishusha kidevuni.

"Hayo maharagwe hayana chumvi," alisema.

"Nilikuwa nakuja kutia."

Oneida alikufa miezi kumi na minne iliyopita, moyo, ndani ya ambulensi hiyo, dakika arobaini na saba mbele ya treni iliyosimama. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya reli, mwendo wa dakika nne. Verlin alikwenda kwenye baraza la kaunti kuuliza nani atajibu. Wakamwambia aandike.

Mtu aliyeacha shule darasa la saba akaenda kupasua mbao, unamwambia aandike. Akaandika hadithi ya siku ile. Wakairudisha: ndefu mno. Akafupisha. Wakairudisha: aondoe neno "wameua". Akaliondoa, akaweka "amefariki", kana kwamba Oneida alijifia tu mwenyewe kwa uvivu. Ya nne ilipotea mezani kwa karani. Ya sita wakasema fomu imebadilika. Hii ilikuwa ya tisa.

"Umefika wapi?" Oneida aliuliza.

"Hapo hapo ulipo."

"Basi malizia. Miguu inapata baridi."

"Sina hamu tena, Oneida."

"Hamu yangu mimi?"

"Ya hadithi." Akatia chumvi. "Mwanzoni kila nikiandika niliiweka kalamu chini, nikatoka nje. Sasa naandika jina lako kama mtu anayesoma maandishi ya gunia la mbolea. Waliniambia nifupishe, nimefupisha mpaka nimekuchoka. Washenzi wale. Hata uchungu wangu wameuchukua."

Oneida alijiinua kwa kiwiko. "Na mimi nimechoka kulala chali," alisema. "Nisogezee mto."

Saa saba jirani yao, Darlis Combs, aliingia kwa mlango wa mbele, akavuka treni, bakuli la mkate wa mahindi kiunoni.

"Hodi nitabisha wapi, wewe na makaa yako," alisema. "Oneida, umekonda."

"Nimekufa, Darlis."

"Najua, nilikupikia msibani. Wewe mzee, Alhamisi unasoma barazani?"

"Sijamaliza."

"Kasome hivyo hivyo. Usipoenda wataandika kwamba hakuna aliyelalamika."

Oneida akamshika mkono mumewe. "Ukimaliza," alisema, "treni inaondoka, nami nafika hospitali nimekufa. Usipomaliza nabaki hapa, na wao hawana kesi ya kujibu. Mimi sikuchagulii."

Jumatano Verlin aliketi na kalamu kutwa nzima. Hamu haikurudi.

Alhamisi alivaa shati la maziko. Barazani kila mtu hupewa dakika tatu, na taa ndogo mezani: kijani, njano, nyekundu. Alisoma polepole kwa kidole. Alipofika "treni ikawa imesimama," treni iliingia ikasimama katikati ya ukumbi, yenye namba zile zile za mabehewa. Wananchi walibaki upande wa viti. Wajumbe walikuwa upande wa hospitali.

Mwenyekiti aliinama akachungulia chini ya behewa. "Halafu?"

"Ndipo nilipofika," Verlin alisema.

"Unazo sekunde arobaini zaidi."

"Wewe unajua kilichofuata. Umeletewa mara nane. Kama huna haya ya kusikia ya tisa, mimi sina nguvu ya kukuandikia."

Taa ikawa nyekundu. "Asante kwa kutusimulia," mwenyekiti alisema. "Anayefuata." Saa sita wajumbe walitoka kwa mlango wao wa nyuma kwenda kula. Wananchi waliparamia mabehewa, mmoja mmoja, wazee wakisukumwa makalio.

Nyumbani Oneida alikuwa ameketi kwenye machela, anamenya kitunguu.

"Wamesemaje?"

"Wamesema asante."

"Ya nini?"

Verlin alivua shati la maziko. Zile kurasa tatu alizikunja, akaziweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Kisha akahamishia vikombe upande wa jiko, maana kuvuka na chai ya moto kunaunguza.

Ijumaa asubuhi, walipokuwa wakila, ving'ora vya ambulensi vilisikika kutoka kivuko cha reli. Vililia palepale bila kusogea, muda mrefu.

"Leo ni nani?" Oneida aliuliza.

"Sijui," Verlin alisema, akimpitishia chumvi. "Ataambiwa aandike."