Shangazi na Safari ya Magauni Matatu

Karani wa tiketi alikuwa ameshauza safari za kila aina, lakini Jumatatu ile asubuhi aliulizwa swali lililomfanya aondoe mikono kwenye kompyuta.

"Hiyo meza ya kwenye treni," aliuliza mama aliyekaa mbele yake, futi ya kupimia nguo ikimning'inia shingoni, "ina upana gani?"

"Meza, mama?"

"Ile ya kukunjua, ya dirishani. Nataka kujua kama gauni litatulia juu yake bila kuburuza sakafuni."

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata waliomzidi umri, kwa sababu mabinti wanne wa marehemu kaka yake walilitangaza jina hilo tangu wadogo, kila walipovaa nguo mpya. Nguo zao zote za kwanza zilitoka kwenye mikono yake. Sasa mmoja wao alikuwa anaolewa Jumamosi, na wengine watatu, kila mmoja akifanya kazi katika mji wake wa mbali, wangevaa magauni ya rangi moja na kusimama nyuma yake.

Gauni la bi harusi lilimkaa barabara, kwani Shangazi alimpima mwenyewe. Wale watatu walijipima wakatuma namba kwa simu. Magauni yakatumwa, na Jumapili yote matatu yakarudi kama yaliyoambizana. Moja halikufunga zipu, moja lilikwama nyongani, na moja lilimmeza mwenyewe mabega na yote.

Mama yao, wifi yake Shangazi, hakupoteza muda. "Wifi yangu, usijisumbue," alisema, tena kwa upole, ambao ndio uliouma zaidi. "Nimeshaagiza ya dukani. Sindano yako imefanya kazi miaka mingi. Sasa pumzika."

Pumzika! Neno lile Shangazi hakulikubali. Akamjibu wifi yake mbele ya watu: magauni yale yakiwakataa wenyewe tena siku ya Jumamosi, cherehani yake ataifunika na hataifunua maisha.  Maneno yalikuwa yameshatoka.

Ndiyo maana alikuwa pale kwa karani.

"Mama, panda ndege tu," karani alishauri. "Kila mji inabidi urudi kwanza uwanja mkuu na kubadilisha, lakini Ijumaa mchana umesharudi."

"Angani nitakaa saa ngapi?"

"Kwa jumla? Saa tano au sita."

"Na hizo siku nyingine zote?"

Karani alijikuna kichwa. "Foleni. Ukaguzi. Kusubiri."

"Yaani kusimama mikono mitupu. Na mkasi wangu je?"

"Mkasi huingii nao ndani, mama."

"Basi ndege iwe ya mwisho, kazi ikiwa imebaki pindo. Nitafutie treni ya kutwa nzima, isiyo na haraka. Kutoka pale nataka meli. Sakafu ya ukumbi wake ni zulia au mbao?"

Miaka yote ya kazi yake karani alikuwa akiwatafutia watu safari fupi. Leo alikuwa na mteja anayetaka ndefu. Alipiga simu stesheni, akapiga simu bandarini, akauliza meza na sakafu huku wenzake wakimcheka. Mwisho akaipanga: Jumanne treni, Jumatano meli, Alhamisi meli ile ile ikiendelea hadi mji wa tatu, Ijumaa jioni ndege ya kurudi. "Ukikosa chombo kimoja tu," alimwonya, "harusi itakupita." Shangazi alikunja tiketi, akazitia kwenye kopo la pini.

Jumanne, kabla treni haijatoka stesheni vizuri, meza ilikuwa imeshakunjuliwa. Alifumua mishono ya magauni yote matatu, uzi baada ya uzi, mwanga wa dirishani ukimwangukia mikononi. Ndani ya kila mshono alikuwa ameacha kitambaa cha ziada, maana hajawahi kumwamini mtu anayejipima.

Mpwa wake wa kwanza alikuwa nesi. Walikutana kwenye chumba cha kubadilishia nguo hospitalini, nesi akasimama wima kama askari.

"Acha kubana tumbo. Pumua kwanza."

Nesi alipumua, na futi ikateleza vidole vinne.

"Ulijipima umebana pumzi?"

"Si ndivyo mama alivyotufundisha, shangazi?"

Shangazi alisoma futi upya. Aliandika.

Jumatano alitandika shuka kwenye sakafu ya ukumbi wa meli, mbao safi kabisa, akajifunga kibwebwe. Meli ikilala upande, anainua sindano na kungoja. Ikitulia, anashona. Baharia mmoja alikuja kumwamuru aondoke njiani. Baada ya nusu saa alikuwa amechuchumaa pale, ameshika kopo la pini lisimwagike. Walipotia nanga, gauni la nesi lilikuwa limekamilika.

Wa pili alikuwa mwalimu, naye alijipima kwa rula fupi ya darasani, akiihamisha hamisha mwilini hadi hesabu ikampotea. Huyu anafundisha hesabu, na Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. Gauni lake lilipunguzwa siku ya pili ya meli.

Wa tatu, mfamasia, alitoa vipimo vya enzi za chuo. "Nilidhani nitapungua kabla ya harusi," alisema akitazama viatu vyake.

"Nani kakwambia upungue? Pumua."

Ijumaa nzima Shangazi alishona nyuma ya duka la dawa, katikati ya maboksi. Jioni mkasi ulisafiri kwenye tumbo la ndege pamoja na mabegi, na yeye akaketi na sindano, uzi na pindo la mwisho. Mzee wa suti kiti cha pili alimwona akikata uzi kwa meno, akaangua kicheko, kisha akamshikia pindo lisiguse chini. Magurudumu yalipogusa ardhi, fundo la mwisho lilikuwa limeshapigwa.

Jumamosi asubuhi mabinti walifika wote. Chumbani, magauni ya dukani yalikuwa yametundikwa tayari, karatasi za bei zikining'inia. Wifi alisimama mlangoni, mikono kifuani. Hakuna aliyejaribu gauni lake tangu likamilike.

Zipu ya nesi ilipanda hadi juu bila kusukumwa. Ya mwalimu ikapanda. Ya mfamasia ilifika kiunoni, ikasita.

"Unabana," Shangazi alisema. "Mwili ukiubana unakaa upande. Pumua."

Mfamasia akapumua, na zipu ikapanda yote. Walisimama mstari mmoja nyuma ya bi harusi, pindo zao zimekwenda sambamba utadhani zimepimwa kwa rula ndefu. Bi harusi alipiga kigelegele mwenyewe, bila kungoja wageni. Shangazi alilia waziwazi, na wala hakujificha. Alikuwa ameshinda, na alijua.

Mabinti walipotoka kupigwa picha, wifi alibaki. Alifungua kabati, akatoa gauni lake mwenyewe, la dukani, akalishika kifuani kama mtu aliyekamatwa.

"Wifi," alisema kwa sauti ndogo, "hili langu halifungi tangu jana. Tuna saa mbili. Utaniwahi?"

Shangazi alivua futi shingoni, akaizungusha kiunoni mwa wifi yake. Akahisi tumbo likivutwa ndani, pumzi ikishikwa, mgongo ukinyooka kama wa askari.

"Achia, wifi yangu," alimwambia taratibu. "Miaka yote hiyo. Pumua kwanza."

Wifi akapumua.