Kikombe Juu ya Kaburi la Otha

Asubuhi Vernell Tisdale alikuwa akifagia kaburi la kaka yake Otha nyuma ya kanisa, udongo mwekundu ubaki mtupu bila hata jani, kama wanavyofagia watu wetu weusi wa Pinder, Georgia, huko Marekani. Alipofika kwenye kikombe kilichowekwa juu ya kaburi, kile cha mwisho alichonywea marehemu, alimkuta marehemu mwenyewe ameketi kando yake, amevaa sare ya jeshi. Kifungo cha kifuani hakikuwepo.

"Umezeeka, mdogo wangu."

"Hata wewe ungezeeka, kama wangekuacha uishi. Inuka, huko mjini wanatengeneza filamu yako."

Wakaenda. Mtaalamu wa historia wa filamu ile, bwana mpole, alimkagua Otha, akaagiza kifungo kishonwe na damu ya kwenye kola ifutwe, kwa sababu sare za mwaka ule hazikuwa hivyo. Kisha akampa bunduki.

"Sisi hatukupewa bunduki, bwana. Tulipewa mabeleshi, tuwazike wazungu waliokufa vitani kule Uholanzi."

"Najua," alisema mtaalamu, na kweli alijua. "Lakini nani atalipa kiingilio aone beleshi?"

Vernell alikuwa na ombi moja tu. "Basi mwonyesheni akirudi. Alirudi mzima huyu. Mjerumani hakumgusa. Aliuawa hapahapa, kituo cha basi, na watu wa mji huu, eti kakataa kuvua sare."

Mwongozaji wa filamu alimshika mkono, akasema inauma sana. Mchana ule, mbele ya kamera, Otha akafia Uholanzi, mikononi mwa kapteni mzungu aliyekuwa akilia. Alikuwa kijana mtiifu tangu zamani, kwa hiyo alikufa vizuri.

Filamu ilipoonyeshwa, Pinder nzima ililia. Wajukuu wa wale waliomuua kituoni ndio waliolia zaidi, wakamkumbatia Vernell mmoja mmoja.

Kesho yake alikwenda kanisani na ufagio wake. Kaburi halikuwepo. Palikuwa na nyasi tu, na Otha amesimama juu yake na kikombe mkononi.

"Nell, wanasema nilizikwa Uholanzi. Sasa nilale wapi?"

Vernell alilia mpaka akachoka. Halafu akasema, "Twende nyumbani, kuna kunde na mkate wa mahindi."

Walipokaribia kituo cha basi, Otha alipunguza mwendo, akauliza kama avue sare. Vernell alitaka kusema hapana. Akaweka ufagio chini, akamsaidia kufungua vifungo.