Furushi Lililotangulia Litang

Mwanangu Gyurme anauza makoti ya baridi kwa watalii wanaopanda kwetu milimani. Duka lake liko hapa Chengdu, bondeni, kwenye mtaa ambao Watibeti wengi tumepanga. Kila mteja anayeingia humwambia, "Usiogope, ndugu yangu, mlima ni rafiki." Yeye mwenyewe hajaupanda huo mlima tangu baba yake afariki.

Mwaka ule nilitaka kitu kimoja tu: kumwona dada yangu Choezom angali hai. Ni mtawa, anaishi peke yake kwenye chumba cha udongo juu ya Litang. Daktari wa huko alikuwa amemwambia kwamba moyo wake hautaivuka baridi inayokuja. Akanitumia ujumbe wa sauti kwenye simu: "Mdogo wangu, njoo. Usiniletee matunda, meno sina. Jilete mwenyewe."

Gyurme aliusikiliza akalia, kisha akaanza kupanga. Na mwanangu akipanga, hupanga kweli. Alinunua makopo ya oksijeni yakajaa chini ya kitanda changu, nikawa nalala juu ya ghala. Alinunua kidude cha kubana kidole kupima hewa iliyomo kwenye damu, akawa ananibana nacho kila asubuhi kabla sijamaliza kusali. Alinunua na dawa ya mizizi ya kuzuia kizunguzungu cha milimani. Mizizi hiyo inaota nyuma ya nyumba niliyozaliwa. Huku imetiwa kwenye kisanduku chekundu chenye utepe.

"Gyurme," nikamwambia, "mimi nimezaliwa huko."

"Ndiyo, Mama, lakini mapafu yako siku hizi ni ya huku chini."

"Na yako?"

"Yangu ndiyo usiseme kabisa."

Theluji ilipoyeyuka alisema barabara bado ni tope. Tope lilipokauka alisema mvua zinakuja na milima itaporomoka. Mvua zilipoisha alisema ni msimu wa likizo, watalii wamejaa, tutalala wapi. Huyo ndiye aliyewauzia makoti. Na kila alipoahirisha alinitengenezea chai ya siagi kwa mikono yake, akalipasha bakuli moto kwanza kama ninavyopenda. Mtu wa namna hiyo utamkasirikia vipi? Nilijaribu, sikuweza.

Mwishowe nilikwenda kwa lama, mwalimu wetu wa dini, nikamwomba siku ya kuondoka. Alifungua kalenda yake, akanichagulia siku njema. Nikamwambia Gyurme.

"Siku hiyo mzigo unaingia dukani, Mama. Haiwezekani."

"Basi tutume furushi."

Akacheka. "Mama naye! Mambo ya kina bibi hayo."

Mke wake, Xu Min, alikuwa anamenya vitunguu saumu. Ni Mchina, mtoto wa mji huu huu, na kilima kirefu alichowahi kupanda ni ngazi za jengo letu lifti ilipoharibika. Akauliza, "Furushi gani, Mama?"

Nikamweleza. Siku njema ikifika na wewe huwezi kuondoka, unafunga vitu vyako, unavipeleka nyumba nyingine iliyo upande wa safari yako. Hapo umeshaondoka. Miguu itafuata.

"Na kama ukighairi? Unalirudisha?"

"Halirudi ndani, mwanangu. Ukilirudisha umeikata safari, na mkosi unamwendea yule uliyekuwa unamfuata."

Akaendelea kumenya.

Siku njema ilipofika, Gyurme alitoka mapema kwenda kupokea mzigo wake. Min akalifunga furushi: koti langu la ngozi ya kondoo, bakuli langu, tasbihi. Halafu, ili asibaki mtu nyuma, akatia skafu yake na mkanda wa Gyurme. Alitazama dira kwenye simu ajue magharibi, iliko Litang, ni wapi, akalibeba mpaka kwa Yudron, mjane anayeuza supu ya tambi kule kwenye kona. Yudron alilipangusia furushi kiti, akaliwekea na kikombe cha chai. Wateja wake walikula wamesimama.

Jioni Gyurme alirudi amekunja uso. Redio imesema theluji imewahi. "Mama, nimefikiri sana. Twende mwakani, kukishatulia."

Min akaweka vijiti vyake vya kulia mezani. "Haiwezekani. Mama ameshaondoka."

"Ameondoka vipi? Si huyu hapa anakula wali?"

"Anakula tu. Ameondoka asubuhi. Na wewe pia umeondoka, mkanda wako uko kwa Yudron."

"Min! Wewe Mchina, nani kakufundisha haya?"

"Mama yako. Wewe ulikuwa unacheka."

Gyurme akashuka ngazi mbio. Nikamfuata polepole, nimeshika mkono wa Min. Tulipofika, Yudron alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono imejaa unga.

"Nipe furushi letu, dada."

"Nimkabe msafiri aliye njiani? Mimi si jambazi."

"Usinitanie. Ni koti na bakuli tu."

"Kama ni koti na bakuli tu, lichukue. Pale kitini. Lakini ulivushe mlangoni mwenu wewe mwenyewe, mimi simo."

Akalichukua. Akatembea nalo mpaka mlango wa jengo letu, na hapo akasimama. Watu walimpita wakiingia na kutoka. Mzee mmoja akamshikia mlango kwa upole akingoja aingie, akangoja, akachoka, akaenda zake.

Nikamkaribia.

"Mama, siogopi theluji."

"Najua."

"Baba naye nilimpangia safari. Nilikuwa nimeshanunua kila kitu, akafa hatujaondoka."

"Najua, mwanangu. Alijua pia."

Akalikumbatia lile furushi kama mtoto aliyelala. Kisha akageuka, akalipeleka kwenye gari lake.

Tuliondoka alfajiri. Njiani yeye ndiye aliyetapika, kila kona. Min alimshikilia paji la uso kwa mkono mmoja na kwa mwingine akanionyesha kondoo wa mwituni wa mlimani, akifurahi kama amewazaa yeye.

Choezom alikuwa amekaa juani mlangoni kwake, amepungua, macho yamefifia. Nilipiga magoti nikaweka paji langu la uso kwenye lake. Alikuwa na joto. Tulikaa hivyo mpaka shingo ikaniuma, wala sikutaka kusogea.

"Nani huyo anayeugua hapo nyuma yako?" akauliza.

"Gyurme."

"Mwambie aje akae. Huku hakuna haraka."

Akaja, mweupe kama karatasi, akakaa kwenye udongo karibu na miguu yake. Choezom alimpapasa kichwa, akamtafutia sikio, akalivuta kidogo kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mdogo. Gyurme akaanza kumwambia kwamba alikusudia kuja tangu theluji ilipoyeyuka, ila barabara, na mvua, na watalii.

"Umekula?" dada yangu akamuuliza.