Kurasa Nne za Mkunga

Insha ilirudi ikiwa na mstari mwekundu ulioanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na chini yake mhadhiri ameandika maneno mawili tu: "Njoo ofisini." Mkunga akazikunja kurasa zake nne, akazitia mkobani, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kwa mwendo wa mtu aliyekwisha kupokea watoto zaidi ya elfu mbili na asiyebabaishwa na mlango uliofungwa.

Mhadhiri wa somo la uandishi wa kitaaluma alikuwa binti wa umri wa mwanawe wa kwanza. Alimpisha mgeni kwenye kiti kizima, mwenyewe akakalia kile chenye mguu unaocheza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu wangu."

"Mama, insha hii umeitoa wapi?"

"Kichwani."

Binti akafungua kitabu cha kiada na kumwekea mbele. Maneno yalikuwa yale yale, nukta kwa nukta. Mkunga akayafuata kwa kidole, kisha akauliza kwa fahari aliyoshindwa kuificha, "Je, kuna hata herufi niliyoikosa?"

Mhadhiri alimtazama kujua kama anafanyiwa mzaha. Hakuuona. Basi akalisema neno lenyewe kwa sauti ya chini, kama mtu atoaye habari ya msiba. "Hapa chuoni, mama, huu unaitwa wizi."

Mkunga alikuwa bintiye mwalimu wa Kurani, na kabla hajajua kuandika alikuwa amekwisha kuhifadhi. Darasani kwa babake, kuyashika maneno ya mwalimu bila kuyapunguza wala kuyaongeza ndiyo iliyokuwa adabu. Mwenye kutia lake aliambiwa ana kiherehere. Kwa hiyo alipojiunga na chuo kikuu, ukubwani, alikihifadhi kitabu cha kiada sura kwa sura, hata wenzake wakampa jina la Bi Hifadhi. Leo heshima ile ile ndiyo inayomvika joho la mwizi!

"Kanuni yataka nilipeleke jina lako kwenye kamati," binti akaendelea, "na kamati hufukuza. Lakini nina idhini ya kukupa siku sita. Kurasa nne, mada ile ile: kwa nini wajawazito huchelewa kufika hospitali. Kila neno la mtu litajwe mwenyewe. Kisha uisome mbele ya darasa na kuitetea. Ukishindwa, mama, sitakuwa na la kufanya."

Hospitali yake ilimpa ruhusa ya masomo, na ruhusa hiyo haitolewi mara mbili. Akasimama. "Maji nimeyavulia nguo, mwalimu. Nitayaoga."

Nyumbani mumewe, fundi majokofu, alikuwa ametandaza vipuri juu ya meza ya sebuleni, chini ya cheti cha mkunga bora kilichotiwa kioo na kutundikwa ukutani. Alipoisikia habari alicheka hadi bisibisi ikamponyoka.

"Karibu, mwizi wangu!"

"Usinichokoze, baba watoto. Ondoa vyuma vyako, nataka meza."

"Naondoa. Ila ukiiba na meza, umtaje seremala."

Alikusudia kumjibu, lakini neno lile likamrudisha kwa marehemu babake. Mzee yule hakuwahi kuipitisha kauli bila kuionyesha njia iliyojia: "Nimeipokea kwa fulani, naye kwa fulani, naye kwa fulani." Kumbe yeye miaka yote alishika nusu ya adabu, maneno aliyabeba, wenyewe akawaacha njiani! Akaketi, akaandika siku mbili mfululizo, na hakuna sentensi iliyokosa mwenyewe.

Siku ya tatu mhadhiri akaisoma mara mbili. "Umewataja wote, mama, na umewataja vizuri. Sasa wewe uko wapi?"

"Mimi ni nani mbele ya hawa?"

"Umekaa wodi ya wazazi miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Kitabu kinasema wajawazito huchelewa kwa sababu ya umbali. Ni kweli?"

Mkunga akafumbua kinywa ajibu kama kilivyosema kitabu, akakifumba. Alimkumbuka mama mmoja aliyekaa nyuma ya ukuta wa hospitali, mwendo wa kumaliza tasbihi moja, ambaye hata hivyo alijifungulia kwenye ngazi za mapokezi.

Kabatini mwake mlikuwa na madaftari kumi na moja. Kila mzazi aliyefika kwa kuchelewa alimwuliza sababu, akaiandika bila jina, kwa mazoea tu ya mtoto wa mwalimu asiyependa neno lipotee. Akayashusha yote, akaanza kuhesabu. Wazazi mia tatu na kumi na wawili. Tisini na wanne walitaja umbali. Mia moja thelathini na mmoja walisema, kila mmoja kwa namna yake, kwamba waliogopa kukaripiwa.

Asubuhi ya siku ya tano alifika kwenye mstari ulioandikwa kwa mkono wake mwenyewe, nao ulihusu yule mama wa kwenye ngazi: "Akaa nyuma ya ukuta. Asema uzazi wa kwanza alipolia nilimwambia, mbona siku ile ya kuitafuta mimba hukulia hivi?"

Kalamu ikasita. Mumewe, aliyekuwa akimletea chai, akausoma mstari ule juu ya bega lake, na safari hii hakucheka.

"Huo uruke. Nani atajua?"

"Baba alisema mpokezi wa kauli hupimwa kwanza yeye, ndipo lipimwe analolileta. Nikijificha mimi, madaftari kumi na moja yana thamani gani?"

"Utajivunjia heshima, mke wangu."

"Wazazi wangapi nimewaambia mficha uchi hazai?"

Fundi akaiweka chai mezani polepole. "Haya. Basi zaa."

Siku ya sita darasa lilijaa. Mkunga akasoma kurasa zake nne akiwa wima, bila kuharakisha. Alipomaliza, muuguzi mmoja mwenye miwani akanyoosha mkono.

"Bi Hifadhi, kitabu kimeandikwa na maprofesa wawili. Wewe wawapinga kwa madaftari ya kabatini?"

Vicheko vikapita. Mkunga akavingoja viishe.

"Siwapingi, mwanangu. Wao waliuliza vijijini, mimi niliwauliza waliofika mikononi mwangu. Ukurasa wao nimeutaja, na madaftari yangu haya hapa. Njoo uyapime."

"Na huyo mkunga wa ukurasa wa nne, aliyemkaripia mzazi? Habari zake umezipata kwa nani?"

"Kwangu. Ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Muuguzi akavua miwani, akaifuta, akaketi.

Mhadhiri akazichukua kurasa, akazipitia moja baada ya nyingine, kalamu nyekundu mkononi. Hakupiga mstari.

"Jina lako haliendi kwenye kamati, mama. Limebaki jambo moja. Ukurasa wa nne, mstari wa saba: tukio umelitaja, mwaka hukuutaja."

"Nipe kalamu, mwalimu."

Hakuhitaji kufungua daftari. Mwaka ule aliuona kila siku sebuleni kwake, ndani ya kioo cha cheti chake, chini ya maneno "mkunga bora." Akainama juu ya meza, akauandika kwa tarakimu zinazosomeka.