Asili ya Duka la Honorata

Mtu akija kukuomba kazi halafu akasema hataki mshahara, mtazame mara mbili. Honorata alimtazama mara tatu. Binti alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake la mawese, soko la Mwanga, ushungi umenyooka, miguuni raba nyeupe ambazo mwenye akili zake hazivai penye mafuta. Alisema anaitwa Zuhra, mtu wa Ujiji, mtoto wa kaka yake Bi Zuleha, yule mteja wa kila wiki.

"Chuo kikuu unasomea nini?" Honorata akauliza.

"Sanaa, mama."

"Kuimba?"

"Hapana mama. Historia. Mambo ya kale."

"Na mambo ya kale yanatafuta nini kwenye madumu yangu?"

Binti akaeleza, tena akaeleza vizuri, na hilo ndilo lililomtia Honorata wasiwasi. Iko kampuni Dar es Salaam inayouza mafuta ya kula nchi nzima. Kila mwaka huchukua wahitimu wachache ikawafundisha biashara, wa shahada yoyote, ila lazima mwombaji awe amefanya kazi kwenye biashara ya kweli na alete namba ya simu ya mwenye biashara hiyo. Wenzake wa uhasibu wana wajomba benki. Yeye wa historia hana mtu. Likizo hii yote, ya mwisho kabla ya kuhitimu, atafagia, atapima, atabeba, mradi mwishoni Honorata akipigiwa simu aseme neno jema.

Honorata akakubali, kwa heshima ya Zuleha na kwa sababu mgongo wake ulikuwa umechoka na madumu. Lakini moyoni akasema, huyu ana lake jambo. Dunia hii nani anabeba dumu la mafuta bure?

Basi kazi ikaanza, na kusema haki binti hakuwa mvivu. Raba zilipotea siku ya pili, akaja na kandambili kama watu wengine. Akajua kuyanusa mawese yaliyotiwa maji, akajua mteja wa kubembelezwa na mteja wa kuachwa aondoke ili arudi mwenyewe. Ingekuwa hayo tu, Honorata angempenda. Tatizo lilikuwa maswali.

Wanawake wa Ilagala, wakamuaji wa mawese wa huko mwambao, wakishusha madumu tu, Zuhra keshafika. "Shikamoo bibi. Pole na safari. Asili yenu ni wapi? Nani alikufundisha kukamua? Mama yake naye alitoka wapi?" Kwa tabasamu, kwa sauti tamu, huku akimpa bibi wa watu maji ya kunywa. Wale wanawake walikuwa wananyamaza ghafla, wanachukua chao, wanaondoka bila hata kumaliza maji.

Hapa tuelewane. Kwa watu wa Ujiji, kumuuliza mtu asili yake ni adabu. Kwao hata harusini mzee husimama akamtaja babu aliyevuka kutoka Kongo na bibi aliyekuja na msafara wa pwani, na watu wakapiga vigelegele. Huko mwambao wa ziwa, swali hilohilo huulizwa na afisa wa uhamiaji, na akikuuliza hakutakii heri. Baba yako alizaliwa wapi? Bibi je? Nani shahidi? Zuhra alikuwa amekulia mwendo mfupi tu kutoka sokoni hapo na hilo halijui. Watu hukaa jirani miaka nenda rudi, kila mmoja na hofu yake, na hofu hazitembeleani.

Honorata hofu yake aliijua vizuri. Mama yake hakuzaliwa Tanzania. Alivuka ziwa mwaka wa sabini na mbili, watu wakiuawa kule Burundi, akiwa na mimba ya Honorata. Akafika Ilagala, akajifunza kusema Kiha cha Ilagala, kazi isiyo kubwa kwa Mrundi kwa kuwa lugha hizo ni ndugu, akafa akiwa mtu wa Ilagala. Hata marehemu mume wa Honorata hakuambiwa. Na duka la pili kutoka hapo alikaa Leodgar, muuza sabuni, aliyeitamani kona ile ya duka la Honorata tangu enzi, na ambaye mdomo wake hauna mlango. Neno moja tu la Burundi likimfikia Leodgar, lingelala kwa maafisa. Wangekuja kumhoji Honorata, wangefunga duka wakati wakichunguza, na hilo likifunguliwa tena lingekuwa linauza sabuni.

Siku ikafika, kama alivyojua itafika.

"Na wewe mama?" Zuhra akasema, akiwa ameshika faneli juu ya chupa ya mteja. "Kazi hii ulifundishwa na nani?"

"Na mama yangu."

"Alikuwa wa wapi?"

Uso wa Honorata ulikuwa uso wa mfanyabiashara, hausemi. Akawaza haraka. Kama huyu ametumwa, basi anaswe.

"Munzeze," akasema. "Huko Buhigwe, milimani."

"Ukoo gani, mama?"

"Pima mafuta, mteja anasubiri."

Neno Munzeze hakuwa amemwambia mtu mwingine yeyote. Siku atakapokuja mtu akilitaja, atajua nani amelipeleka. Akaanza kungoja, na kungoja kule kulimkondesha. Kila mwanaume aliyevaa shati la kupiga pasi alimshtua. Mmoja alisimama mlangoni muda mrefu akiyakodolea macho madumu, Honorata akajua leo ndiyo leo, kumbe masikini alikuwa anajaribu kukumbuka mkewe alimwagiza chupa ndogo au kubwa.

Mwisho wa wiki Zuhra akaomba ruhusa. Hakusema anakwenda wapi, na Honorata hakulala usingizi wa maana. Jumatatu akaingia dukani, vumbi hadi kwenye kope, anatabasamu. Wateja walikuwepo. Leodgar naye alikuwepo, amekuja kuomba chenji.

"Mama, nilikwenda Munzeze."

Honorata akafunga kifuniko cha chupa ya mteja.

"Nilitaka kukuletea salamu za wajomba zako, nikushangaze. Nimezunguka kwa wazee wote, mama, hakuna anayemjua mama yako. Tena kule ni kahawa na migomba. Hata mchikichi sijauona. Nikajiuliza, sasa mawese alijifunzia wapi?"

"Kumbe," akasema Leodgar, taratibu, kama mtu aliyeokota kitu.

Hapo ndipo Zuhra alipomwangalia Honorata usoni. Alichokiona huko anakijua mwenyewe, lakini tabasamu lilimtoka, akaanza kubabaika. "Au mimi ndiye sikufika vizuri. Wazee wenyewe walikuwa wawili tu. Mmoja haoni. Nimetangaza kabla ya kumaliza, nisameheni." Uongo wake ulikuwa mbovu, wa mtu asiyeuzoea. Leodgar akachukua chenji yake akaondoka akitabasamu.

Honorata akamvuta binti nyuma ya madumu. "Nani kakutuma?"

"Hakuna mtu, mama."

"Nakuuliza, nani kakutuma?"

Zuhra akalia. "Kwetu ndivyo tunavyoulizana, mama. Mtu ukimjua asili yake ndiyo umemheshimu. Wallahi sikujua kama kuna watu huulizwa ili wafukuzwe."

Maneno hayo yalimwingia Honorata, akaona uchungu, lakini hakuyaamini. Mwenye hofu haachi kushuku kwa sababu ya machozi. "Sikiliza," akasema. "Kuanzia leo duka hili halina mama wala bibi. Ukiulizwa, popote, na yeyote, hujui. Sema hujui."

"Sijui," Zuhra akasema, akifuta macho kwa ushungi.

Tangu siku hiyo hakuuliza mtu kitu. Alipima, akafagia, akaaga, na duka likawa na kimya cha kuudhi. Leodgar akapata mazoea mapya ya kuja kukaa kwenye benchi la Honorata akitafuna karanga. Na Honorata akapiga hesabu zake mwenyewe. Binti huyu akikosa kazi atabaki Ujiji na siri ile, karibu na masikio ya Leodgar. Akipata atakwenda Dar, mbali. Basi simu ikipigwa atamsifia mpaka ashangae mwenyewe. Wala halikuwa jambo la upendo.

Simu ilipigwa wiki ya pili baada ya Zuhra kusafiri kwenda kwenye usaili. Mikono ya Honorata ilikuwa imejaa mafuta, akabonyeza kwa kidole kidogo ikatoka kwa spika. Leodgar yuko kwenye benchi.

"Habari za leo mama. Naitwa Catherine, napiga kutoka Dar es Salaam. Unamfahamu Zuhra?"

"Namfahamu sana. Ni mtoto mzuri, mchapakazi, mchukueni hata leo."

"Sawa mama. Kuna jambo linatutatiza. Kila mwombaji tulimwambia atusimulie biashara aliyofanyia kazi ilianzaje. Nani aliianza, alitoka wapi, ujuzi aliupata kwa nani. Wa uhasibu walijikongoja, lakini walisema. Huyu ni mtu wa historia, tulitegemea yeye ndiye atatusimulia. Akasema hajui. Tukarudia, akasema hajui, akainama. Sisi tunaletewa namba za mashangazi kila mwaka, mama. Tunashuku hakuwahi kufanya kazi kwako."

"Alifanya."

"Miezi miwili, na hajui hata duka lilianzaje?"

Wazo la kwanza lililomjia Honorata ni kwamba huyu Catherine ndiye afisa mwenyewe, na kumbe mtego ulikuwa huu. La pili lilimjia polepole, likamuuma. Yule mtoto ameketi mbele ya watu wakubwa, maisha yake yote yako mezani, jibu linamwasha ulimini, hata la kubuni lingetosha, na amesema hajui. Mara mbili.

Akajifuta mikono kwa gauni. Angeweza kuichukua simu akatoka nayo nje. Leodgar alikuwa ameacha kutafuna.

"Aliniuliza, dada," Honorata akasema. "Aliniuliza vizuri, nikamdanganya. Akafunga safari mpaka milimani kuutafuta uongo wangu. Aliporudi nikamwambia akiulizwa aseme hajui. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu duka hili lilianza na mama yangu, na mama yangu alikuwa mkimbizi. Alivuka ziwa na mimi tumboni, hana kanga ya pili. Alichovuka nacho ni kujua kukamua mawese. Kwao walikuwa wakikamua, huko Nyanza-Lac."

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya mtu anayeandika. "Samahani mama, hapo kwenu kuna kelele. Umesema alitoka wapi?"

Honorata akageuka, akamtazama Leodgar machoni.

"Nyanza-Lac," akasema, kwa sauti ile anayoitia wateja. "Burundi."