Mifupa ya Gorna Lipa

Mara ya tatu Raina alipobisha mlango wa Profesa Stamenov, alikuwa ameshaibana mada yake mpaka akaona haina tena pa kubanwa. Alianza na vijiji vyote vya Bulgaria vilivyozamishwa ili mabwawa yapate nafasi. Profesa akamwambia hiyo ni kazi ya maisha mazima, si ya kurasa thelathini. Akarudi na bonde moja. Pana mno. Sasa alikuwa na kijiji kimoja tu, Gorna Lipa, alikozaliwa bibi yake, ambacho samaki ndio wenyeji wake siku hizi.

"Bado umekumbatia mlima," Profesa alisema bila kuinua macho. "Chukua makaburi. Maji yalipokaribia, mifupa ya nani ilihamishwa, na ya nani iliachwa? Hapo una swali. Nenda kwa bibi yako ukamuulize."

Raina akashukuru, akatoka. Alipofika ngazini ndipo alipogutuka. Habari ya mifupa iliyoachwa hakuwa ameitaja. Hata yeye mwenyewe hakuwahi kuisikia.

Kantini alimkuta Blagoy, mwenzake wa mwaka wa tatu, ameinamia supu yake ya maharage.

"Wewe si ulikuwa unaandika juu ya reli?" Raina aliuliza.

"Nilikuwa. Mzee akasema reli ni ndefu." Blagoy akamega mkate. "Amenibana hadi nimebaki na shule ya msingi. Kijiji kimoja cha milimani, sijui Gorna nini."

"Gorna Lipa?"

"Hicho."

"Na Snezhana wa darasa letu? Si alikuwa na nyimbo za jadi?"

"Zimebaki za harusi."

"Za wapi?"

Blagoy akatafuna polepole kuliko mkate ulivyohitaji. "Raina, usianze. Wewe kila kichaka unaona mbwamwitu."

"Za wapi, Blagoy?"

"Hukohuko."

Mabwawa, reli, nyimbo: mito mitatu isiyo na undugu, yote ikamwagika katika bonde moja. Tangu siku ile Raina akawa anamtazama Profesa kama mtu anavyomtazama mgeni anayejua chumba cha ndani kilipo. Akitabasamu, Raina anajiuliza kwa nini. Akifunga mlango, anajiuliza zaidi. Na kila wakikutana kwenye ujia, kabla ya salamu kukauka mdomoni, swali lilikuwa hilohilo: "Umeshakwenda kwa bibi?"

Akaenda Jumapili. Bibi Tsveta aliishi katika kijiji kipya walichojengewa waliohamishwa, nyumba zote zikifanana kama mayai. Alimkatia mjukuu wake banitsa, mkate wa matabaka wenye jibini, ingali moto, na walikula vizuri wakicheka, hadi Raina alipotaja makaburi.

Bibi akasukuma sahani. "Nani kakutuma?"

"Hakuna, Bibi. Ni kazi ya chuo."

"Chuo kina kinywa? Nakuuliza mtu."

Raina akamtaja Profesa, urefu wake, nyusi zake zilizoungana.

"Huyo," Bibi alisema. "Alikuja hapa wewe ukiwa mdogo, na mashine ya kunasa sauti. Aliketi hapo ulipo. Nikamkatia banitsa, hakuigusa, yeye makaburi tu, makaburi tu. Mtu asiyekula chakula chako hakukufuata wewe, kafuata kitu chako. Tukamtoa, mtaa mzima."

"Kwani makaburini kulikuwa na nini?"

Bibi aliinuka akafunga dirisha, ingawa nje hapakuwa na mtu. Aliporudi alisema kwa sauti ya chini. Maji yalipanda kabla ya wakati walioambiwa, na mvua ilikuwa inanyesha. Wanaume walichimba kwa pupa, masanduku yakawapasukia mikononi, misalaba ikasombwa na tope. Walichookoa walikipakia kwenye gari moja. Walipofika huku hapakuwa na aliyejua huyu ni baba wa nani. Basi wakagawana, kila ukoo ukapewa wa kuzika, na wakaapa wasiulizane tena.

"Kuna waliowahi kutoleana visu kwa ajili ya mpaka wa shamba," Bibi alisema, "na leo huenda wanamwashia mshumaa babu wa adui yao. Nimekuambia wewe. Sijaiambia karatasi yako."

Jumatatu Raina alisimama mbele ya meza ya Profesa, hakuketi.

"Walikufukuza," alisema. "Ndiyo maana ukatafuta mjukuu."

Profesa alivua miwani. Hakukana. "Wale wazee wanakwisha, Raina. Wakiondoka, hakuna atakayejua. Nikasema, labda damu yao itafunguliwa mlango. Ndiyo, ninaandika kitabu juu ya kijiji hicho, na kila mmoja wenu angeniletea kipande chake. Majina yenu yatakuwemo kwenye shukrani."

"Ungetuambia."

"Mngekubali?"

Raina akamwambia ataandika namna watu walivyochagua majirani katika kijiji kipya: nani aliomba kukaa karibu na nani, na nani mbali na nani.

"Na makaburi? Bibi amesema nini?"

"Amesema nile."

Profesa akavaa miwani, akaidhinisha mada.

Raina alipowaambia wenzake habari ya kitabu, Blagoy alirudi kwenye reli, akachagua stesheni moja. Snezhana akabaki na nyimbo zake. Alisema hata kwenye shukrani jina ni jina, na Raina akaacha kumsimulia mambo ya nyumbani. Alama za Raina mwenyewe zilikuja za wastani.

Jumamosi ya wafu, siku ya kuwakumbuka marehemu, Raina alikwenda makaburini na Bibi, wamebeba ngano ya kuchemsha ya kuwagawia watu. Ukoo mwingine ulikuwa unamwaga divai kwenye kaburi la kando. Mzee mmoja wa ukoo huo alimkazia Raina macho, kisha akamgeukia Bibi.

"Huyu ndiye anayesoma historia?"

"Ndiye," Bibi alijibu, akamjazia mzee kiganja cha ngano. "Kula, Dimo."

Mzee aliishika ngano, akamtazama Raina tena, ndipo akaitia kinywani.