Madoa ya Kokwijuka

Elieth ana duka la picha pale Rwamishenye, na kwa kutia rangi picha za zamani hana mpinzani. Mpelekee picha nyeusi na nyeupe, hata kama mende wameitafuna pembe, atakurudishia babu yako na damu mashavuni. Sifa hizo alizijua, na hakuzificha.

Zamu ya bibi yake, Kokwijuka wa Izigo, ikafika. Jumapili ukoo mzima ungekusanyika kwa misa ya shukrani ya miaka yake tisini, na picha yake ya pekee ya ujanani ingetundikwa sebuleni. Baba mkubwa Karugendo, kifungua mimba wa bibi na mtu wa kujali macho ya watu, akaagiza: "Hayo madoa ya kwenye gauni yafute. Wageni wasimwone mama yangu mchafu."

Elieth akayafuta yote. Gauni akalitia buluu ya anga, akaipeleka picha Izigo akiwa na hakika bibi atalia kwa furaha.

Bibi aliitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, bibi."

"Mimi? Huyu hajawahi kushika panga! Madoa yangu umeyapeleka wapi, mwana wange?"

Karugendo akakohoa. "Mama, tulitaka upendeze."

"Sijapata kupendeza kama siku ile! Baba yako alikuwa amekufa. Shemeji akawaita wazee wa ukoo waninyang'anye kibanja, shamba letu la migomba, eti mjane hawezi kukitunza. Wito wao ulinikuta nakata ndizi, wewe Karugendo uko mgongoni. Wanawake wakaniambia nibadilishe gauni. Nikakataa, nikaenda na utomvu wangu wa migomba kifuani. Nikawauliza wazee, shemeji doa lake liko wapi? Hakuwa nalo hata moja! Wakaniachia kibanja. Ndipo nikamtafuta mpiga picha kule Nshamba, nikamwambia nipige hivi hivi."

Elieth aliona aibu, lakini aibu yenyewe haikukaa, maana fahari ilimjaa. Huyu ndiye bibi yake!

"Gauni lilikuwa rangi gani, bibi?"

"Jeupe. Hata lingekuwa buluu, utomvu ungelitia kahawia."

Elieth akaenda nyuma ya nyumba, akakata mgomba, akapaka utomvu kwenye kitambaa cheupe. Ulipokauka akarudi nao dukani, akairudia kazi, doa kwa doa.

Jumapili picha ilitundikwa. Mgeni mmoja kutoka mjini, suti imenyooka, akaisogelea. "Kazi nzuri. Ila hayo madoa mngeyaondoa."

Elieth alifungua kinywa, Karugendo akamtangulia, kifua mbele. "Hayaondolewi! Hiyo ndiyo hati ya kibanja unachokanyaga. Na mwenye hati yule pale. Nenda kamwamkie."

Mgeni akaenda, akainama akimwamkia. Bibi akampokea mkono, akakigeuza juu kiganja laini cha mgeni, akakitazama, akacheka.

"Na huyu naye," akasema, "mpelekeni akakate ndizi kwanza, ndipo apigwe picha."